Ukurasa wa Leo

Ukutani chumbani kwangu kuna karatasi mbili. Ya kwanza inasema: kuhitimu uzamili Novemba. Ya pili: ukurasa mmoja kila siku kabla ya chai. Ya kwanza inanivutia, lakini ya pili ndiyo inayoniamsha.

Kuhitimu hakuko mikononi mwangu peke yangu. Kuna msimamizi anayekaa na sura moja miezi miwili, kuna ada, kuna wahojiwa wasiopokea simu. Nikijipima kwa lengo hilo, kila jioni nitajiona nimeshindwa. Ukurasa ni wangu.

Oktoba 2019, jijini Vienna, Eliud Kipchoge alikimbia kilomita 42 na ushei kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Wengi tunaikumbuka jumla hiyo. Miguu yake ilikuwa na hesabu ndogo zaidi: kila kilomita, dakika 2 na sekunde 50 hivi.

Mama yangu hafuatilii riadha, lakini hesabu hiyo anaijua. Hawezi kuamua wateja wangapi watanunua vitumbua vyake. Anachoamua ni kuloweka mchele usiku na kuwasha moto saa kumi alfajiri. Ada yangu imetoka kwenye moto huo.

Kila Jumapili hupiga simu. "Unamaliza lini, mwanangu?"

Tarehe sina. Namwambia, "Wiki hii nimeandika kurasa saba, mama."

Hunyamaza kidogo. "Haya. Na kesho?"