Sehemu ya 6: Choo kikijaa, tunapeleka wapi?

Wiki iliyopita niliishia kwenye vikope, nikaahidi leo tuongelee choo kinapojaa. Usicheke, kaa hapo hapo.

Kama we ni mgeni Kongwa, hujui kwamba macho yetu yamesomwa sana. Mwaka 1995 jarida la The Lancet lilichapisha utafiti wa huku kwetu, kuhusu kunawisha watoto uso ili kupunguza trakoma. Na yule nzi anayetua machoni mwa mtoto hutaga mayai kwenye kinyesi kilichoachwa wazi. Kwa hiyo majitaka ni kazi yangu kabisa.

Sasa nikuambie kosa langu. Kwenye mkutano wa kitongoji tuliulizwa: tukipata sehemu ya kumwaga majitaka, iwe wapi? Nikawa wa kwanza kunyoosha mkono. Mbali! Makofi. Tukitoka, bibi mmoja akanivuta pembeni: "Nesi, mwanangu, huko mbali ndiko tunakochungia mbuzi. Gari likimwaga porini usiku, nani ataliona?"

Sikuwa na jibu.

Tangu siku hiyo nayaangalia tofauti hata mabwawa ya majitaka ya Swaswa, pale Dodoma mjini. Mabwawa ya namna hii hayana uchawi. La kwanza huwa na kina, uchafu unatulia chini pamoja na mayai ya minyoo (harufu nyingi ni hapo). Yanayofuata ni mapana, kina kifupi, jua linaua vijidudu. Na jua, jamani, sisi tunalo la kugawa! Maji ya mwisho yakipimwa yakawa sawa, yanamwagilia miti.

Kibera, Nairobi, Umande Trust na vikundi vya wakazi walijenga vyoo vyenye mtambo wa gesi chini ya ardhi, na juu yake ukumbi. Watu wanakaa kikao juu ya choo! Hapo kikianza kunuka, nani atasubiri mkaguzi?

Nami ndicho ninachotaka huku: uzio imara kuzunguka mabwawa, mtoto asitumbukie. Nje ya uzio, miti, mabenchi, bomba la maji safi la kunawia uso, na njia ya watu kupita mchana kutwa.

Mkutano ujao nitafuta kauli yangu mbele ya wale wale walionipigia makofi. Bibi kasema atakaa mbele kabisa.