Saa 13 za Kuizunguka Urusi

Kutoka Helsinki hadi Tokyo ni kilomita zipatazo 7,800, na ndege kubwa za siku hizi huweza kuzimaliza kwa saa 9 na nusu hivi. Sisi tuliokwenda juzi tumekaa angani saa 13. Mengine ya safari hii hayana la kusimuliwa: tulikula, tukalala, tukatua. Kilichonikera ni zile saa tatu na ushee za ziada, kwa kuwa hazikuletwa na hali ya hewa wala ubovu wa ndege. Zililetwa na vita. Ndiyo maana nashikilia kwamba anayekadiria muda wa safari kwa kugawanya kilomita kwa mwendo wa ndege anajidanganya. Anga lina wenyewe, na Mkataba wa Chicago wa 1944 unatambua kuwa kila nchi ina mamlaka kamili juu ya anga lake. Njia fupi kati ya miji hii inakatiza Siberia. Februari 2022, Urusi ilipoivamia Ukraine, Umoja wa Ulaya ulizifungia ndege za Urusi anga lake, nayo Urusi ikajibu vivyo hivyo. Tangu hapo ndege za Ufini ama hupitia Ncha ya Kaskazini na kushuka karibu na Alaska, ama huzungukia kusini kupitia Asia ya Kati.

Zipo hoja za kunipinga. Ya kwanza ni upepo: ule wa juu huvuma kutoka magharibi, ukaifupisha safari ya kwenda mashariki na kuirefusha ya kurudi. Ni kweli, lakini mashirika ya China bado yanakatiza Siberia kwenda Ulaya, na upepo wao ndio wetu. Kinachotutenganisha ni ruhusa. Ya pili ni kwamba abiria aliyeketi kitini hana haki ya kulalamikia saa tatu. Mimi naona si suala la kiti. Ndege inayozunguka huchoma mafuta zaidi, na kwa kuwa lazima iyabebe tangu inapopaa, hupunguza mizigo.

Lakini iko hoja ya tatu, kwamba mzunguko huu si mpya, nayo imenituliza. Mwaka 1983 Finnair, shirika la ndege la Ufini, ilianza kuruka moja kwa moja kutoka Helsinki hadi Tokyo kupitia Ncha ya Kaskazini, ili kulikwepa anga la Kisovieti, na safari ilichukua takriban saa zilezile 13. Septemba mwaka huohuo ndege ya abiria ya Korea Kusini ilipotea njia, ikaingia katika anga hilo na kutunguliwa na ndege ya kivita. Watu wote 269 waliokuwamo walikufa. Nikilikumbuka hilo, siwezi kumlaumu rubani anayekwenda mbali kukwepa mpaka. Ninaowalaumu ni walioanzisha vita vilivyoifunga njia.