Mashua ya Nyuzi za Kioo Pwani ya Bagamoyo



Sisi watu wa bara tukisikia habari za chombo cha kuvulia, mara twafikiri mtumbwi uliochongwa kwa tezo. Mimi nami nilifikiri hivyo, mpaka Januari nilipopata likizo yangu ya siku 28, nikaenda kumtembelea shemeji yangu, kaka yake mke wangu, avuaye samaki Bagamoyo. Keti nami kidogo nikusimulie niliyoyaona. Yaweza kukufaa hata kama kwenu hakuna maji ila ya kisima.

Nilipanda gari la moshi Tabora mpaka Dar es Salaam, kisha basi, kiasi cha kilometa 70 kwenda kaskazini. Babu zetu walishuka pwani kwa miguu, pembe za ndovu mabegani. Mimi nilibeba gunia la karanga na kopo la asali, na bado nilifika nikilalamika mgongo!

Bahari ya Bagamoyo haina kina karibu na nchi. Siku za bamvua, mwezi uandamapo na uwapo mpevu, maji hutoka yakaenda mbali sana, na vyombo vikabaki vimelala ubavu juu ya mchanga na matope, kama ng'ombe waliochoka. Baada ya saa sita hivi maji hurudi, na pale ulipopita na viatu vyako pakawa pa kuogelea. Basi mvuvi wa maji haya machache ataka chombo chepesi, bapa chini, kipitacho juu ya mafungu bila kukwama.

Chombo cha namna hiyo ndicho alichonunua shemeji: mashua kuukuu ya futi 16, ya faiba. Fedha nyingine zilikuwa zake, na shilingi laki tano zilikuwa zangu, nilizoweka kwa ajili ya mabati ya nyumba yangu. Sasa wafahamu kwa nini nilikuwa na haraka ya kuiona majini.

Utauliza, faiba ni nini? Ni nyuzi za kioo, nyembamba kuliko nywele, zilizopangwa kama mkeka. Mkeka huo hulowekwa katika gundi ya majimaji iitwayo resini, tabaka juu ya tabaka, na gundi ikikauka huwa kitu kigumu kama ganda la kobe. Huko Marekani walianza kuunda mashua hivi katika miaka ya 1940. Faiba hailiwi na mchwa wala fukusi wa baharini. Lakini mara nyingi ndani yake hufichwa mbao, hasa katika tezi, yaani upande wa nyuma unaofungwa mashine. Na ubao, msomaji, ni ubao tu.

Tuliiosha mashua, tukakwangua magamba ya baharini yaliyogandamana nayo. Ikang'aa. Nikasema, "Shemeji, tupake rangi, wiki ijayo uvue."

Akaja mzee mmoja, fundi wa madau, aliyekuwa akifanya kazi yake ng'ambo ya pili ya kibanda. Hakusema neno. Alishika nyundo ndogo, akaanza kugonga polepole kutoka omo kuelekea tezi. Ko, ko, ko. Alipofika nyuma, sauti ikabadilika: bu, bu.

"Mwalimu," akaniambia, maana alisikia kwamba nimesoma chuo cha ualimu, "kule panaitika. Hapa hapaitiki."

Akachukua keekee, akatoboa tundu dogo kwa ndani. Ubao mzima ungetoa unga mkavu. Badala yake yakatoka maji meusi kama kahawa, na harufu ya uozo.

Kisa chake kilikuwa matundu manne tu. Aliyekuwa na mashua hiyo zamani alitoboa tezi apate kufunga mashine, asizibe pembezoni mwa misumari. Maji yakaingia tone kwa tone, mwaka baada ya mwaka, na nje rangi ikabaki nzuri.

Hapa naungama mbele yako, msomaji. Nilisema, "Tupake rangi hivyo hivyo, msimu huu ivue, mwakani tutatengeneza." Nilikuwa nafikiri mabati yangu. Shemeji akanyamaza, maana mdaiwa hana sauti. Ndipo mke wake, aliyekuwa akichambua mchele mlangoni, akaniuliza kwa upole, "Shemeji, wewe utapanda?"

Sikuwa na jibu. Mashine ya nguvu ya farasi 15 ina uzito wa karibu kilo 40, na ikiungurumishwa huvuta na kusukuma tezi kwa nguvu nyingi. Tezi ikibanduka maji hufurika kwa nyuma. Nami nilijua ni nani wangekuwamo: shemeji na wanawe wawili.

Basi tukaanza upya. Tulikata ganda la ndani la tezi, tukachokoa ubao uliooza. Ulitoka kwa mikono kama ugali. Tukaiacha mashua siku sita chini ya kibanda ipate upepo, maana gundi haishiki mahali penye unyevu. Kisha tukakata plaiwudi mbili za milimita 18 kwa kufuata kipimo cha karatasi, tukazigandisha pamoja, tukazipaka resini pande zote, hata kingo.

Ubavuni kulikuwa na ufa. Nilidhani utazibwa juu juu kama kiraka cha suruali. Kumbe sivyo! Fundi wa faiba alisaga kando ya ufa mpaka pakawa na mteremko mrefu: kama ganda lina unene wa milimita 5, mteremko huwa sentimeta 6 hivi, ili mkeka mpya upate mahali pa kushika. Vumbi lake ni la kioo, huwasha ngozi na kudhuru mapafu. Alivaa barakoa, miwani na mikono mirefu, akawafukuza watoto wote.

Nami nikapewa kazi ya kuchanganya resini na dawa ya kuigandisha. Kwa kilo moja ya resini hutiwa gramu 10 mpaka 20 za dawa, kwa kipimo, na dawa hiyo ni hatari kubwa kwa macho. Mimi mwenye haraka nikamimina kwa kukisia. Kabla hatujatandika mkeka wa kwanza, kopo likawa la moto, likatoa moshi, na resini ikawa jiwe. Mzee wa madau akacheka mpaka akakaa chini. "Mwalimu," akasema, "leo umefundishwa."

Tangu hapo nilipima. Tulitandika tabaka kwa tabaka, tukikandamiza kwa rola kutoa mapovu ya hewa. Mwisho tukatoboa matundu ya mashine, kila tundu likajazwa gundi kabla ya kupitisha msumari wake.

Siku tatu kabla ya kurudi kwangu tuliishusha na maji ya kujaa. Shemeji alizima mashine tulipofika maji machache karibu na mikoko, akashika upondo. Tukateleza juu ya mchanga, maji yakiwa hayafiki magotini. Tulirudi na changu na tasi nusu ndoo. Si wengi. Lakini nilikuwa nimekaa nyuma kabisa, mgongo wangu karibu na tezi, mimi nisiyejua kuogelea, na sikuogopa.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nyumba yangu ingali na nyasi, na mvua za masika zaja. Nimeanza kugonga boriti zake moja moja, nikisikiliza. Wewe nawe, msomaji, kabla hujapaka rangi, gonga kwanza. Na ukitaka kuharakisha kazi ya mwenzio, jiulize kama wewe utapanda.