Baga Nisiyowahi Kuila

Mimi nina riwaya. Haijachapwa. Imo ndani ya kaunta buku nne, chini ya godoro langu hapa Kilakala. Katika sura ya tano shujaa wangu, kijana wa Kitanzania aliyezamia Marekani, anasimamisha gari mbele ya kibanda cha baga kando ya barabara kuu huko California. Ananunua baga, anakula, anakutana na msichana. Sura hiyo niliipenda kuliko zote. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba ndugu wawili wa ukoo wa McDonald walifungua mgahawa wao wa kando ya barabara huko San Bernardino mwaka 1940, basi nikadhani kujua hilo kunatosha.

Jioni moja nilimsomea mjomba sura hiyo. Nasema nilimsomea kwa sababu mwenyewe alikuwa hawezi tena kusoma. Mtoto wa jicho alikuwa amemziba macho yote mawili. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza:

"Hiyo baga, mjomba, umewahi kuila?"

"Sijawahi."

"Ikoje mdomoni?"

Nikababaika. "Tamu."

"Tamu kama nini? Kama muwa?"

Sikuwa na jibu. Nilikasirika, lakini nilikaa kimya. Kwetu Waluguru ukoo hufuata upande wa mama, kwa hiyo mjomba si mtu wa kujibiwa ovyo. Tena huyu ndiye aliyewatuliza watu nyumbani nilipopata ziro kidato cha nne nikasema sirudii mtihani, nitaandika vitabu. Wengine walicheka. Yeye alininunulia kaunta buku ya kwanza.

Siku ya kumpeleka Dar kufanyiwa upasuaji wa jicho ilipofika, nilimshauri tupande treni ya umeme. Tangu tarehe 14 Juni 2024 inabeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, na safari haifiki saa mbili. Akakataa katakata.

"Treni haipiti Chalinze."

"Chalinze kuna nini?"

"Kuna chipsi mayai."

Basi tukateremka Msamvu, tukapanda basi. Akaniweka dirishani upande wa kulia, yeye akakaa pembeni yangu na fimbo yake katikati ya magoti.

"Niambie unaona nini."

"Milima."

"Uluguru najua ipo, haijahama. Ina mawingu?"

"Inayo, juu kabisa."

"Na hapa chini?"

"Mkonge."

"Umekatwa au bado?"

Ndivyo tulivyokwenda, kilomita 80 na kitu. Nikisema nyumba, anauliza bati au nyasi. Nikisema lori, anauliza limebeba nini. Kusema kweli nilichoka kabla hatujafika Mikese. Barabara hii nimepita mara nyingi, kumbe sikuwahi kuitazama.

Mjomba aliijua kwa mgongo wake. Ujanani alikuwa utingo wa malori ya kwenda Tunduma, na dereva aliyemfundisha kazi alianza zamani, wakati wa vumbi na matope. Rhodesia ilipojitangazia uhuru Novemba 1965, Zambia ilibanwa kwenye njia yake ya kusini, ikabidi mafuta yaende na shaba ije kwa malori kupitia kwetu. Watu wakaiita Njia ya Jehanamu. "Ukifika Chalinze ukitokea huko," mjomba akasema, "unajua Dar imebaki kama kilomita 100 na wewe bado mzima. Hapo lazima ule."

Kibanda chenyewe ni mabati matatu juu ya nguzo za miti, benchi moja na meza yenye kabati la kioo. Mzee wa enzi zile alikwishafariki, jiko analo mwanawe. Mjomba akajitambulisha, yule kijana akafurahi, akamfutia benchi kwa kitambaa.

"Biashara?"

"Twamshukuru Mungu, mzee. Ila abiria wa Moro wamepungua, wanapita na treni. Nawategemea wa Tanga na Arusha, na watu wa malori."

Mjomba akanigusa goti. "Niambie anafanya nini."

Nikaanza. Anachota chipsi kwenye kabati, anazirudisha kwenye karai, mafuta yanalia. Viazi ni vya Njombe, vimepita barabara hii hii tuliyopita. Anavunja mayai mawili kwenye kikombe cha bati, anakoroga kwa uma. Anamwaga chipsi kwenye frampeni, anamimina mayai juu, anaizungusha ili yaingie kila upenyo. Pembeni yameanza kukauka, yanafanya matundu matundu kama kile kitambaa cha kufuma cha juu ya redio ya bibi. Sasa anafunika sahani, anapindua. Chumvi iko kwenye kopo la maziwa lililotobolewa kwa msumari.

Nilingoja aniulize "kama nini?" Hakuuliza. Alimeza mate.

Tulikula kwa vijiti, na kachumbari na pilipili iliyonitoa kamasi. Mjomba akatafuna taratibu, akasema:

"Chumvi imezidi. Baba yako alikuwa na mkono mwepesi."

Kijana akacheka. "Hata mama husema hivyo."

Tulipokuwa tunangoja basi la kwenda Dar, mjomba aliongea kwa sauti ya chini. "Wanasema wengi hupona. Lakini kisu ni kisu. Nilitaka kuiona hii barabara kwanza."

"Mjomba, si huoni?"

"Ndiyo maana nimekuja na wewe."

Nilishindwa kusema neno. Nilipopata ziro sikulia. Pale Chalinze, mbele ya wauza korosho na mayai ya kuchemsha, machozi yalinitoka, nikasingizia pilipili.

Tulirudi Kilakala. Jicho la kulia limefunguka, la kushoto linasubiri zamu yake. Sura ya tano nimeichana. Shujaa wangu bado atakwenda Marekani, lakini kwanza anashuka Chalinze na njaa yake. Ninaiandika polepole, maana mjomba ameshasema hataki kusomewa tena. Anataka kuisoma mwenyewe.