Kuhamisha Barua za Zamani

Mtu hajui wingi wa vitu vyake mpaka siku ya kuhama. Nyumba aliyokaa miaka ishirini humwonyesha siku hiyo vitu alivyovisahau nyuma ya kabati na chini ya kitanda: hiki kizuri alichodhani kimeibiwa, kile kibovu alichotaka kisionekane na mtu. Hapo hana budi kuamua. Cha kuchukua akichukue, cha kutupa akitupe. Aghalabu huamua kwa haraka, kwa kuwa gari linamngoja mlangoni.

Mwaka jana nilihama kwa namna hiyo, lakini sikuhama nyumba. Nilihamisha barua pepe zangu za zamani kutoka katika kompyuta kuukuu na kuzitia katika kompyuta mpya. Kazi niliyoikadiria kwa jioni moja ilinichukua siku nne, na siku ya nne ilinifunza jambo juu ya nafsi yangu ambalo sikuomba kufunzwa. Nalisimulia hapa kwa sababu vijana wa leo huandikiana kuliko watu wote waliowatangulia, na siku ya kuhama itawafikia wao pia.

Kompyuta ile niliinunua katika mwaka wa 2002. Ilitumia Windows XP, na programu yake ya barua iliitwa Outlook Express. Siku zile intaneti iliingia nyumbani kwa waya wa simu. Modemu ililia na kukoroma kabla ya kuunganisha, na kila dakika ya kuungana ililipiwa. Nyaya za faiba za chini ya bahari zilikuwa hazijafika Mombasa. Zilifika mwaka wa 2009, na kabla ya hapo mawasiliano yetu na nchi za mbali yalipita kwa setilaiti, kwa gharama kubwa. Kwa hiyo mtu mwenye hesabu hakuandika barua huku ameungana. Mimi niliandika usiku katika programu ya kuandikia, nikasoma na kusahihisha, kisha nikanakili maneno yangu katika barua. Hapo ndipo nilipoungana kwa dakika mbili au tatu, nikatuma zangu, nikapokea za wenzangu, nikakata.

Tena barua haikukaa katika seva ya kampuni ikimngoja mwenyewe maisha yake yote. Programu yangu iliiteremsha mpaka nyumbani, na baada ya kuiteremsha iliifuta huko ilikotoka, kwa kuwa nafasi niliyopewa ilikuwa ndogo. Maana yake ni kwamba nakala niliyokuwa nayo mimi ilikuwa ndiyo nakala peke yake upande wangu wa dunia. Sikulifikiri jambo hilo. Mtu hafikiri juu ya paa mpaka mvua inyeshe.

Mvua ilinyesha. Windows XP iliachwa na watengenezaji wake katika mwaka wa 2014, nami kwa kazi za kila siku nikatumia mashine nyingine, lakini ile kuukuu niliiacha katika pembe ya chumba kama sanduku la barua. Mwaka jana diski yake ilianza kutoa mlio wa kusaga, na kioo chake kikawa huzima chenyewe. Nikatambua kwamba nisipohama kwa hiari nitahamishwa kwa nguvu, na mwenye kuhamishwa kwa nguvu hachagui cha kuchukua.

Nilichagua programu iitwayo Thunderbird kwa kompyuta mpya. Nikanakili mafaili ya barua katika flashi, nikayapeleka, na programu mpya haikuweza kuyasoma. Sababu ilikuwa hii. Outlook Express iliweka kila folda katika faili la mtindo wake yenyewe, lenye kiishio cha dbx, na mtindo huo ni kama hati ya siri: mwenye ufunguo ni yule aliyeiandika. Thunderbird huweka barua kwa desturi ya zamani iitwayo mbox. Katika desturi hiyo barua hufuatana katika faili moja la maandishi, na kila moja hutanguliwa na mstari wa kuitenga na mwenziwe. Faili la namna hiyo laweza kufunguliwa hata na programu nyepesi kabisa ya kuandikia, na mtu akayasoma maneno yake.

Ilinipasa kutafuta mkalimani. Toleo la 52 la Thunderbird, lililotoka katika mwaka wa 2017, lilikuwa la mwisho kukubali kukaa ndani ya Windows XP. Nikalitia katika kompyuta kuukuu, na programu mbili zikakutana chini ya paa moja, mgeni akamwomba mwenyeji barua zake. Usiku kucha zilikuwa zikipokezana. Asubuhi mafaili ya mbox yalikuwa tayari. Nikayachukua kwa flashi, nikayaweka katika folda za Thunderbird ya kompyuta mpya ilhali programu imefungwa, nikaifungua, na majina ya zamani yakatokea katika orodha moja baada ya jingine. Nilifurahi kama mtu aliyewavusha watoto wake mto uliofurika.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kabla ya safari nilikuwa nimeandika idadi ya barua za kila folda katika karatasi. Nilipohesabu upande wa pili nikaona pungufu ya barua 212: folda moja iliyokuwa ndani ya folda nyingine ilirukwa. Nikairudia kazi, na hesabu ikatimia. Laiti ningaliifuta kompyuta kuukuu kwa furaha ya asubuhi ile, barua hizo zingalipotea, na huenda nisingalijua maisha yangu kwamba zimepotea.

Lakini idadi kutimia si sawa na maneno kuwa mazima. Nilipofungua barua chache za majaribio niliona kasoro ndogo. Maandishi ya Kiswahili yalifika salama, kwa kuwa herufi zetu ni zile zile za kawaida zilizomo katika jedwali la ASCII, ambalo lilitolewa mara ya kwanza katika mwaka wa 1963, nalo linaeleweka kwa kompyuta karibu zote. Kasoro ilikuwa katika ritifaa. Ritifaa iliyonyooka imo katika jedwali lile, lakini programu za kuandikia huipinda ili ipendeze, na ile iliyopinda haimo. Katika mtindo wa UTF-8 hiyo huandikwa kwa baiti tatu. Na barua isiposema imeandikwa kwa mtindo gani, kompyuta huweza kuzisoma baiti hizo kama alama tatu mbalimbali. Basi palipokuwa na ng'ombe pakasimama ngâ€™ombe. Kosa halikuwa la programu yoyote. Lilikuwa langu mimi niliyezoea kunakili maneno kutoka mahali pamoja na kuyabandika mahali pengine.

Nikaamua kuzitafuta barua zote zilizoharibika hivyo. Nilianza na neno ng'ombe, kwa kuwa sisi ni watu wa mifugo na neno hilo halikosekani katika barua zetu. Ndivyo nilivyoifikia barua moja ya mwaka wa 2004 katika folda ya barua zilizotumwa. Niliyeituma ni mimi. Niliyemtumia ni kaka yangu mkubwa, ambaye wakati ule alikuwa akisoma Uingereza.

Yafaa msomaji ajue kwanza habari iliyojulikana nyumbani kwetu. Katika mwaka huo baba aliugua, akalazwa, na gharama za hospitali zikatushinda. Tukauza ng'ombe wa maziwa, yule mmoja aliyekuwa akimlisha mama na kulipa karo ya wadogo zetu. Baba alipona, akaishi miaka saba mingine. Lakini ng'ombe hakurudi, na kila lilipotajwa jina lake ilitajwa pia sababu ya kuuzwa kwake: kwamba kaka alikuwa ng'ambo, akaombwa msaada, asitoe hata senti. Msimulizi mkuu wa habari hiyo nilikuwa mimi. Niliisimulia katika matanga na katika harusi, nami niliiamini kama ninavyoamini kwamba jua huchomoza mashariki.

Barua iliyokuwa mbele yangu ilisema habari nyingine. Chini ya maneno yangu yalikuwapo maneno ya kaka niliyokuwa nikiyajibu. Aliandika kwamba ada ya chuo ilikuwa imemmaliza, lakini anaosha vyombo hotelini usiku, na mwisho wa mwezi ataweza kutuma nusu ya gharama. Aliuliza azitume katika akaunti ipi. Nami nilimjibu kwamba nusu ya mwisho wa mwezi haimtibu mgonjwa wa leo, kwamba tutauza ng'ombe, naye akae na fedha zake huko ng'ambo. Sikumpa akaunti. Niliisoma barua ile mara tatu, na alama zile za ajabu zilizosimama katikati ya ng'ombe na ng'ambo zilinitazama kama macho.

Kumbe kaka hakukataa kutoa. Mimi ndimi niliyekataa kupokea. Hasira yangu ya siku moja niliivika nguo za kosa lake, na kwa muda wa miaka ishirini nikamtembeza nayo mbele za watu. Nyani haoni kundule.

Sitaficha wazo lililonijia. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe cha kufuta. Kompyuta kuukuu ilikuwa inakufa, kompyuta mpya ilikuwa haijaonekana na mtu, na barua moja kati ya maelfu haiachi pengo. Niliona kwamba kuhama humpa mtu nafasi ya kuiandika upya historia bila kuandika hata neno moja. Haihitaji uongo, yatosha kuacha kitu nyuma. Kisichohamishwa huwa kama ambacho hakikuwapo. Nilikaa mbele ya kioo mpaka chai yangu ikapoa.

Nilichofanya hatimaye kilikuwa kidogo. Nilisahihisha ritifaa katika nakala, nikaiacha barua ya asili kama ilivyo, kisha nikampelekea kaka zote mbili pamoja na maneno machache ya kuomba radhi. Alinipigia simu jioni ile. Aliniambia kwamba barua zake za miaka ile hana tena, kwa sababu kampuni iliyokuwa ikimtunzia ilifunga huduma yake na kila kitu kikaenda nayo. Kisha akasema, "Ndugu yangu, watu wamelisema jambo lile mara nyingi hata mimi nilianza kuamini kwamba sikukujibu." Tukanyamaza sote wawili. Siku ya Jumapili nilikwenda kwa mama nikamsomea barua zile kwa sauti. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza sababu ya kukataa, nami sikuwa na jibu ila kiburi.

Tangu hapo nafikiri kwamba kumbukumbu ya moyoni ni wakili wa mwenyewe, lakini barua ni shahidi. Wakili hulipwa ili atutetee, na kumbukumbu hutupendelea vivyo hivyo, kidogo leo na kidogo kesho, hata tukawa wasafi machoni petu. Shahidi hana mapenzi. Ndiyo maana mtu huogopa kumhamisha, na ndiyo maana inampasa amhamishe.

Basi kijana msomaji, siku yako ya kuhama itakapofika, fanya kwa taratibu. Weka barua zako katika mtindo ambao programu nyingi husoma, usizifungie katika sanduku lenye ufunguo mmoja. Hesabu kabla ya safari na uhesabu baada yake. Weka nakala mbili katika mahali pawili. Usifute cha zamani mpaka umekwisha kukifungua kipya na kukisoma. Na utakapoikuta barua inayokuaibisha, ichukue pamoja na zile zinazokusifu. Huenda nakala hiyo ikawa ndiyo iliyobaki peke yake duniani, na huenda yuko mtu anayeingoja bila kujua.