Mashua Mbili

Kuchagua baina ya kitu chema na kibaya si kazi. Kazi ni kuchagua baina ya vitu viwili vinavyofanana, maana hapo macho hayatoshi. Sharti mtu aijue kwanza haja yake.

Katika ziwa la Victoria, kaskazini ya Ukerewe, kiko kisiwa kidogo kiitwacho Ukara. Mtu mmoja wa huko aliweka akiba miaka mingi ili anunue mashua ya mtambo ya kuvushia watu wa nyumba yake. Fedha zilipotimia, alikwenda Mwanza pamoja na mkewe na mwanawe mkubwa. Fundi akawaonyesha mashua mbili. Zote zilikuwa za mbao, urefu futi 20, na kila moja ilifungwa tezini mtambo wa petroli wenye nguvu za farasi 25. Bei ilikuwa moja. Tofauti ilikuwa chini tu: ya kwanza tumbo lake lilikuwa bapa kama sinia, ya pili lilichongoka kuelekea mkuku.

Wakazijaribu asubuhi, ziwa limetulia. Ile bapa ikainuka upesi juu ya maji, ikateleza, ikaiacha mwenzake nyuma. Tena ikafika hata mchangani. Ile ya pili ilizama zaidi, ikateketeza petroli zaidi, na iliposimama ikayumba. Kijana akasema, "Baba, shauri limekwisha. Tuchukue ya kwanza."

Fundi akamwambia, "Ngojeni upepo."

Saa nane upepo ukavuma, mawimbi yakainuka. Ile bapa ikawa inapiga maji kwa vishindo, mbao zikalia, na maji yakawarukia usoni. Sababu yake ni hii: tumbo bapa hupigwa na wimbi kwa upana wake wote mara moja, lakini lililochongoka hulipasua wimbi kidogo kidogo. Ile ya pili ilipita katika mawimbi yale yale, na mama hakushika ubao.

Hata hivyo baba alisita, kwa kuwa petroli ni gharama ya kila siku. Mkewe akamwuliza, "Baba watoto, sokoni hurudi saa ngapi?"

"Alasiri."

"Basi ndiyo saa ya upepo. Nasi hatununui mashua ya asubuhi."

Baba hakujibu neno. Alikumbuka tarehe 20 Septemba, 2018, siku kivuko MV Nyerere kilipopinduka karibu na Ukara, kikiwa kimejaa kupita kiasi, na watu zaidi ya 200 wakafa. Akaona kwamba hata chombo chema hakimwokoi mtu asiyejua kuhesabu. Akamwuliza fundi, "Hii ya pili huchukua wangapi?" Fundi akajibu, "Wanane, pamoja na mizigo yao." Baba akataka hesabu hiyo iandikwe kwa rangi ubavuni. Tena fedha alizokusudia kununulia turubai la kivuli akanunulia maboya manane ya kuvaa, na madogo mawili ya watoto yakiwa miongoni mwake. Kijana akanung'unika, maana turubai lilikuwa zuri.

Siku ya soko ya kwanza walikuwa wamekwisha keti wanane, jirani akaja na gunia lake. Baba akasema, "Ndugu yangu, ningoje, nitarudi kukuchukua."

Jirani akakasirika. "Nafasi naiona kwa macho yangu! Wanninyima kwa kuwa umepata mashua?"

Baba akamwonyesha ile hesabu ubavuni, akaondoka. Alipowashusha watu wake akageuza, ingawa petroli ya safari ya pili ilikuwa fedha yake mwenyewe. Upepo ulikuwa umekwisha panda. Jirani akayatazama mawimbi, akalitazama gunia lake. Kisha akavaa boya, akaketi kimya katikati ya mashua.