Sinema Niliyoihukumu Bila Kuiona

Ubishi ni dalili ya uhai. Watu wawili wakikaa pamoja kutwa nzima bila ya kubishana juu ya jambo lolote, yamkini mmoja wao amelala. Wazee hubishana juu ya ng'ombe, wakulima juu ya mvua, na vijana juu ya mpira. Lakini ubishi una adabu yake, na adabu ya kwanza ni kulijua jambo unalolibishania. Nataka kusimulia jinsi mimi, mwalimu niliyefunzwa chuoni namna ya kuwafundisha wengine adabu hiyo, nilivyoivunja mbele ya wanafunzi wangu, na jinsi nilivyorudishwa njiani na msichana wa kidato cha tatu.

Jambo hilo lilitokea Siongiroi. Msomaji asikiaye kuwa Siongiroi iko katika nchi ya chai ya Kericho na Bomet huenda akadhani kuwa tumezungukwa na mashamba ya chai na mvua ya kila alasiri. Sivyo. Chai hustawi katika nyanda za juu, kuelekea msitu wa Mau, ambako mvua hunyesha karibu mwaka mzima. Sisi tuko Chepalungu, upande wa chini, ambako watu hufuga ng'ombe wa maziwa na kulima mahindi. Huku kwetu, kiangazi kikikaza, malambo hukauka, na punda hupita barabarani alfajiri na mitungi ya maji mgongoni. Nayataja mambo haya mapema kwa sababu yana sehemu yao katika kisa hiki.

Wanafunzi wetu walikuwa na chama cha mdahalo kilichokutana kila Ijumaa jioni. Ijumaa moja ya mwezi wa Februari walichagua swali hili: Ni sinema gani ya sayansi ya kubuni iliyo bora kuliko zote zilizopata kutengenezwa? Sinema za namna hiyo husimulia mambo ambayo hayajatokea, lakini akili iliyoonja sayansi inaweza kuyafikiri: safari za kwenda kwenye nyota, mashine zenye akili, miji ya karne zijazo. Sanaa hiyo si ya jana. Mfaransa Georges Méliès aliwapeleka watu mwezini katika sinema mwaka 1902, wakati ambapo ndege ya injini ilikuwa bado haijaruka. Mwaka 1927, nchini Ujerumani, Fritz Lang alionyesha Metropolis, mji ambao matajiri wake hustarehe juu na wafanyakazi wake hutaabika chini ya ardhi.

Wala mawazo hayo si mageni kwetu. Wazee husimulia kuwa Kimnyole arap Turukat, orkoiyot wa Wanandi, ndugu zetu, kabla ya kuuawa mwaka 1890 alitabiri kuja kwa nyoka wa chuma atemaye moshi, atakayetoka maji ya mashariki na kwenda kukata kiu yake katika maji ya magharibi. Mwaka 1901 reli ilifika Kisumu.

Siku ya mdahalo mimi niliwekwa kuwa mwamuzi. Msemaji wa kwanza alisimama, akawaamkia mwenyekiti, katibu, mtunza wakati na wanafunzi wenzake, kisha akaitetea Star Wars ya George Lucas, iliyotoka mwaka 1977. Alisema kuwa hakuna sinema nyingine iliyowafanya watu wengi kiasi hicho kuinua macho na kuzitazama nyota. Wa pili aliitetea The Terminator ya mwaka 1984, ambamo mashine inarudi nyuma katika wakati ili imwue mwanamke kabla hajamzaa mtoto wake. Alisema kuwa mashine zinazojibu maswali zimekwisha kuingia mifukoni mwetu, na kwamba sinema iliyotuonya mapema ndiyo iliyo bora.

Msichana mmoja alisimama upande wa Black Panther ya mwaka 2018. Aliisifu Wakanda, nchi ya Afrika ambayo haikutawaliwa na mgeni na ambayo elimu yake inapita ya mataifa yote. Tena alitukumbusha kuwa Lupita Nyong'o, binti wa Wakenya, yumo humo. Mvulana akamwuliza: ikiwa Wakanda ina dawa na maarifa kiasi hicho, mbona iliwaficha majirani zake wenye shida? Msichana akajibu kuwa hilo ndilo swali linaloulizwa na sinema yenyewe. Tulimpigia makofi.

Sasa sina budi kukiri kuwa mwamuzi hakuwa mtu wa katikati. Nilikuwa na sinema yangu moyoni, 2001: A Space Odyssey ya Stanley Kubrick, ambayo niliiona usiku mmoja nilipokuwa chuo cha ualimu. Ilitoka mwaka 1968, mwaka mmoja kabla ya binadamu kukanyaga mwezi. Inachukua zaidi ya saa mbili, na zaidi ya dakika ishirini za mwanzo hazina neno hata moja lililosemwa. Kompyuta iitwayo HAL 9000, iliyokabidhiwa maisha ya wasafiri wa angani, inawageuka na kuwaua. Niliitazama nikasahau kulala, na tangu usiku ule nilizipima sinema zote kwa kipimo chake.

Msemaji wa mwisho alikuwa msichana mpole ambaye hakuwa na mazoea ya kusimama mbele ya watu. Alisema kwamba yeye anaitetea Pumzi, sinema iliyotengenezwa mwaka 2009 na Mkenya mwenzetu, Wanuri Kahiu. Nilimwuliza urefu wake. Akajibu kuwa ni kama dakika ishirini. Hapo nilimkatiza, nikasema, "Mwanangu, hapa tunashindanisha ng'ombe. Wewe umetuletea ndama."

Ukumbi mzima ulicheka. Msichana akakaa. Sikumwambia asimame amalize hoja yake, wala mtunza wakati hakunikumbusha kuwa dakika zake zilikuwa hazijaisha. Niliipa ushindi sinema ya Kubrick, ingawa hakuna mwanafunzi aliyeitetea. Ili kujikinga, nikaeleza kuwa mwaka 2022 jarida la Sight and Sound la Uingereza liliwauliza waongozaji wa sinema wa nchi mbalimbali, nao wakaiweka hiyo juu ya sinema zote, za sayansi na zisizo za sayansi. Maneno hayo yalikuwa kweli. Lakini nilizitumia kura za watu wa mbali kuziba kinywa cha mtu wa karibu.

Jumatatu iliyofuata, kabla ya jua kuchomoza, nilikutana naye barabarani. Alikuwa anamswaga punda mwenye mitungi minne, na sare yake ya shule ameikunja kiunoni isipate tope. Alinisalimu kwa lugha yetu, "Chamgei," nami nikamwitikia. Tulikwenda pamoja hatua chache. Kisha akasema, "Mwalimu, naomba kuuliza."

"Uliza."

"Ile sinema, Pumzi, uliiona lini?"

Nilitafuta jibu, nikakosa. Nikasema kweli: sikuwa nimeiona.

Hakucheka wala hakukasirika. Alisema tu, "Mimi nilidhani umeiona, ndiyo maana nikakaa."

Katika maisha yangu ya ualimu nimekaripiwa na wakubwa wa kazi na nimelalamikiwa na wazazi, lakini hapana karipio lililonichoma kama maneno yale. Mtoto yule hakunyamaza kwa kushindwa. Alinyamaza kwa kuniamini. Alidhani kuwa nyuma ya dhihaka yangu ulikuwamo ujuzi, kumbe hamkuwa na kitu.

Jioni ile niliitafuta sinema, nikaitazama peke yangu. Inasimulia Afrika ya Mashariki miaka 35 baada ya Vita vya Tatu vya Dunia, vilivyoitwa Vita vya Maji. Nchi imekufa, na waliosalia wanaishi ndani ya jumba lililofungwa, katika jamii iitwayo Maitu, neno ambalo kwa Kikuyu maana yake ni mama. Jasho na mkojo husafishwa vikanywewa tena. Umeme hupatikana kwa watu kutaabika juu ya mashine za mazoezi. Mtu akiota ndoto hupewa kidonge cha kuizuia. Asha, msichana mtunza makumbusho, analetewa udongo usiojulikana ulikotoka. Anapanda ndani yake mbegu ya zamani, na mbegu inaota. Wakubwa wanamnyima ruhusa ya kutoka nje kuutafuta udongo huo. Anatoroka kwa msaada wa mwanamke mfagiaji, anavuka jangwa, anaupanda mche, anaunywesha maji yake ya mwisho, kisha anajilaza kuufunika kwa kivuli cha mwili wake.

Hayo yote yamo katika dakika ishirini. Ilipokwisha niliutazama mtungi wangu wa maji uliokuwa pembeni mwa mlango. Ulikuwa umejaa, na sikukumbuka ni nani aliyeujaza.

Ijumaa iliyofuata nilisimama mbele ya chama, nikaeleza kosa langu bila ya kulipunguza. Nikamwomba radhi msichana yule. Kisha tuliionyesha Pumzi ukutani, na mdahalo ukafunguliwa upya. Sitasema kuwa wote walishawishika. Mvulana wa The Terminator alisema kuwa sinema ina maneno machache mno na kwamba mwisho wake unamwacha mtazamaji na maswali. Hoja yake ilikuwa na haki, kwa sababu alikuwa ameiona. Msichana naye alipewa dakika zake zote. Alisema kuwa sinema nyingine zinamwonyesha wakati ujao wa watu wengine, lakini hii inamwonyesha wakati ujao wa mtu anayechota maji. Kura zilipohesabiwa, Black Panther ilishinda, Pumzi ikawa ya pili, na sinema ya Kubrick ikapata kura moja. Sina haja ya kueleza ilikuwa ya nani.

Tangu siku hizo nimefikiri sana juu ya neno "bora". Naona kila mtu huipenda sinema inayouliza swali lililokwisha kuwamo moyoni mwake. Anayeogopa mashine huitetea The Terminator. Anayetamani heshima ya Afrika huitetea Black Panther. Na anayeamka saa kumi na moja kwenda lamboni huitetea Pumzi. Mwaka ule ule wa 1977 ambao Star Wars iliwafanya watu watazame juu, Wangari Maathai alianzisha hapa Kenya Green Belt Movement, akawafanya wanawake watazame chini na kupanda miche. Wanuri Kahiu alitengeneza pia sinema ya maisha ya Maathai, For Our Land. Kwa hiyo mche wa Asha haukuzuka katika ndoto tupu. Una mizizi katika udongo wa nchi hii, nchi ambayo tumeona misitu yake, wa Mau na wa Chepalungu, ikipungua.

Vijana wasomaji, bisheni. Bisheni juu ya sinema, vitabu, mpira na siasa, maana akili isiyobishana huota kutu. Lakini kabla hamjahukumu, tazameni. Na mtu mkubwa kwenu akiwakatiza kwa sauti ya ujuzi, msikae upesi. Mwulizeni kwa adabu, kama mimi nilivyoulizwa: jambo hilo uliliona lini?